Mchana tisa, usiku watano

"Kaya hii ina watu wangapi, mama?"

Mdadisi wetu, binti mmoja, aliuliza akiwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, maana ndicho kiti kilichokuwa wazi, kishikwambi kimelala mapajani. Mama mwenye nyumba alikuwa chini kwenye jamvi anasuka makuti. Hakuinua kichwa.

"Mchana au usiku?"

Binti akacheka kidogo, akidhani anataniwa. "Kwani wanatofautiana, mama?"

"Mchana tuko tisa. Usiku tuko watano."

Mimi nilikuwa nimesimama kivulini chini ya mwembe, msimamizi wa kazi, mwenye kofia na chupa ya maji. Asubuhi ile tulikuwa tumevuka Mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni, tukachukua bodaboda kuelekea kusini. Nikautazama ua. Upande wa nyumba kubwa palikuwa na mafiga matatu, makongwe, meusi tii. Upande wa pili, mbele ya chumba kipya cha tofali kilichoezekwa bati, palikuwa na mafiga mengine matatu ambayo bado yalikuwa na rangi ya jiwe.

Mama akatueleza bila kuacha kusuka. Mwanawe mkubwa kaoa, ana watoto wawili. Mkewe ana jiko lake. Lakini mchana hawashi moto: wanakula wote kwa mama, na kijana naye hula hapo akiwa hajaenda baharini. Usiku kila mtu na chungu chake.

Dodoso lina kisanduku kimoja tu cha idadi ya watu. Binti akanigeukia.

"Andika watano," nikasema. "Yule kijana mfungulie dodoso lake."

Haikunichukua hata nusu dakika. Kisha nikaenda kutafuta chai.

Wiki sita sasa, na hiyo nusu dakika bado inanisumbua.

## Kazi yenyewe

Shirika moja lilinipa kazi ya kuchora grafu. Moja tu. Walitaka kujua mapato ya kati ya kaya za vijiji fulani vya wilaya ya Pangani, na yamekwendaje tangu utafiti wao wa kwanza, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Makaratasi ya zamani yapo kwenye maboksi, dodoso jipya limeshaandaliwa, wadadisi wanne, wiki mbili. Nikasema ndiyo kabla sijamaliza kusoma barua.

Walisema mapato ya *kati*, hawakusema wastani, na hapo niliwaheshimu. Chukua kitongoji cha kaya saba. Namba hizi nimezitunga mwenyewe, kwa mfano tu. Kwa mwezi kaya hizo zinapata shilingi 90,000, 120,000, 150,000, 180,000, 240,000, 300,000, na ya saba, yenye boti mbili na jokofu la samaki, inapata 1,400,000. Wastani wake unazidi 350,000, kiasi ambacho kaya sita kati ya saba hazijawahi kukiona. Ukiwapanga kwenye mstari kuanzia wa chini na kumwita aliyesimama katikati, unapata 180,000. Huyo ndiye wa kati. Tajiri akinunua boti ya tatu, wa kati hasogei.

Kwa hiyo kipimo ni kizuri. Kilichonishinda ni swali la nani anaruhusiwa kusimama kwenye mstari.

## Mstari ulishuka

Niliporudi Tanga mjini nikaingiza namba, nikabadilisha shilingi za zamani kuwa za sasa, nikachora. Mstari ukashuka. Haukuporomoka, ila ulishuka vya kutosha kuonekana hata ukiwa umekaa nyuma ya ukumbi.

Aliyenipa kazi alifurahi. Nisimseme vibaya, nadhani hata yeye hakujisikia anavyofurahi. "Hii itatusaidia sana kwenye andiko," akaniambia kwenye simu. Umaskini ukiongezeka, mradi unahitajika. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nimeshaandika maandiko ya aina hiyo.

Lakini mimi nilikuwa nimetembea kwenye vijiji vile. Nilikuwa nimeona bati mahali ambapo picha za zamani kwenye boksi zinaonyesha makuti. Bati si mapato, najua, linaweza kuwa mkopo wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, au mahari ya mtu. Hata hivyo nilikwenda kulala nikiwa na namba inayosema jambo moja na macho yanayosema jingine, na kwa kawaida mimi huamini namba.

Usiku wa tatu nikafungua maboksi.

Nilikuwa natafuta ua wa yule mama. Nikaupata. Dodoso moja, wino wa buluu, watu saba, mkuu wa kaya ni mumewe, na kijana wa baharini ameandikwa "mtoto, umri 14". Wakati huo hakukuwa na chumba cha tofali, na mafiga yalikuwa matatu ua mzima. Hapo hakuna cha ajabu, watoto hukua.

Kilichonigutusha ni mwongozo wa wadadisi, karatasi mbili zilizobanwa nyuma ya boksi. Walielekezwa kwamba kaya ni watu wa ua mmoja wanaomtambua mkuu mmoja. Mwongozo wetu wa mwaka huu, ulionakiliwa kutoka utafiti mwingine, unasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja.

Ua na chungu. Kwa miaka zaidi ya kumi tulikuwa tunapima vitu viwili tofauti na kuviunganisha kwa rula.

## Hakuna shilingi iliyopotea

Rudi kwenye kitongoji changu cha kutunga. Ile kaya ya 300,000 ina kijana aliyeoa. Kijana anahamia upande wa pili wa ua na kuweka mafiga yake. Yeye ana 160,000, wazazi wanabaki na 140,000. Jumla ni ileile, kila mtu anafanya kazi ileile, samaki ni walewale.

Sasa kaya ni nane. Zipange: 90,000, 120,000, 140,000, 150,000, 160,000, 180,000, 240,000, 1,400,000. Wa kati yuko baina ya wa nne na wa tano, yaani 155,000.

Jana ilikuwa 180,000, leo 155,000. Kitongoji kimekuwa maskini kwa karibu asilimia 14 kwa sababu mwali mmoja kapata jiko lake.

Nikaifanya hesabu hiyo mara tatu, mara ya mwisho kwa kidole kwenye meza.

Na kumbuka kwamba mimi ndiye niliyesema "mfungulie dodoso lake". Kama ningesema "andika tisa", mstari ungesimama kwingine. Kwenye ule ua mmoja athari ni ndogo. Lakini wadadisi wangu wanne walinisikia, na baada ya pale kila walipokuta mafiga ya pili hawakuuliza tena.

## Si Pangani peke yake

Ningekuwa na utulivu ningeliona hili kabla, maana sensa zetu zinalisema waziwazi. Mwaka 2002 kaya ya Tanzania ilikuwa na watu 4.9 kwa wastani. Mwaka 2012 ikawa 4.7. Sensa ya Agosti 2022, ile ya vishikwambi, ikaleta 4.3. Sehemu ya badiliko hilo ni uzazi kupungua. Sehemu nyingine ni mafiga mapya. Kwa vyovyote, kaya ya 2022 si kitu kilekile na kaya ya 2002, na mtu anayechora mapato ya kaya kwa miaka ishirini anachora pia, bila kutaka, jinsi kaya zinavyopungua ukubwa.

Marekani walipita njia hiyo mapema. Mwaka 1960 kaya yao ilikuwa na watu 3.33, siku hizi iko kwenye mbili na nusu. Na wao ndio wenye desturi ya kutoa mapato ya kati ya kila kaunti, zaidi ya kaunti 3,100, nyingi za mashambani na nyingine zenye watu wachache kuliko kata zetu. Nilikaa usiku mmoja nasoma wanavyofanya, kwanza kwa wivu, baadaye kwa faraja.

Wivu ulitokana na data. Hadi mwaka 2000 sensa yao ilikuwa na dodoso refu lililouliza mapato. Baadaye likaja lile la kila mwaka, linalotumwa kwa kaya mamilioni. Kaunti yenye watu 65,000 na zaidi hupata makadirio ya mwaka mmoja mmoja. Iliyo chini ya hapo hupewa makadirio ya miaka mitano iliyochanganywa pamoja. Wilaya ya Pangani kwenye sensa ya 2012 ilikuwa na watu 54,025. Ingekuwa kaunti ya Marekani mwaka ule, isingepata namba ya mwaka wake peke yake.

Faraja nayo ilitokana na matatizo yao. Namba ya 2009 hadi 2013 na ile ya 2010 hadi 2014 zina miaka minne ya pamoja, kwa hiyo ukizilinganisha unalinganisha kitu na kivuli chake. Upo pia mpango wao mwingine, wa kukadiria kwa modeli: wanachukua sampuli, wanaisaidia kwa kumbukumbu za kodi na za msaada wa chakula, ili kaunti ndogo nayo ipate namba ya kila mwaka. Mwaka 2005 mpango huo ulibadilisha chanzo chake kikuu cha sampuli, na Idara yao ya Sensa yenyewe inawaonya watumiaji wawe waangalifu wanapolinganisha kabla na baada ya hapo. Mstari wao una mshono, na wameuandika.

Mbinu ya kuazima nguvu kwa jirani ina umri mkubwa kuniliko. Robert Fay na Roger Herriot waliichapisha mwaka 1979, wakikadiria mapato ya vijiji na miji midogo ya Marekani yenye watu chini ya 1,000. Wazo lao hata mwuza samaki wa Kipumbwi angelielewa: kama umeonja samaki watatu tu wa tenga hili, usiape kwa hao watatu, tazama na matenga yaliyotoka chombo hichohicho, kisha kadiri uzito wa kila ushahidi. Sampuli ikiwa ndogo unaegemea zaidi kwa majirani, ikiwa kubwa unajitegemea.

Kwetu, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi umefanyika Bara 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Ule wa 2017/18 ulifikia kaya zaidi ya 9,400. Zigawe sawasawa kwa mikoa 26, kisha fungu la Tanga uligawe kwa halmashauri zake 11, unabaki na kaya kama 33 kwa halmashauri. Ugawaji halisi haukuwa hivyo, lakini unapata picha. Ukiwa na kaya 33, ukimwita wa kati, anaweza kuitika mtu yeyote.

Ndiyo maana mashirika hujifanyia tafiti zao vijijini. Na ndiyo maana watu kama mimi huachiwa tuamue, chini ya mwembe, kaya ni nini.

## Kitoweo si pesa

Hebu niseme na hili la pili, kwa kuwa baada ya kugundua la chungu nilianza kutilia shaka kila safu.

Tuliuliza: "Siku saba zilizopita uliingiza kiasi gani kutokana na uvuvi?" Swali linasikika la kawaida ukiwa ofisini. Chombo kikirudi, kwanza zinatolewa gharama za mafuta na barafu. Kinachobaki kinagawanywa, chombo na nyavu vinachukua fungu lao, mabaharia lao. Lakini kabla ya hesabu zote hizo kila mtu ameshatenga kitoweo. Ukimwuliza mvuvi aliingiza ngapi, anakutajia kilichobaki mkononi baada ya yote, na kitoweo hakimo. Kwake hicho hakikuwahi kuwa mapato, ni haki ya mtu aliyelowa. Siku ambayo bahari haikutoa cha kuuza anakwambia "sikupata kitu", na nyumbani wamekula samaki aina ya changu.

Nazi ni hivyohivyo. Mkwezi anaweza kulipwa kwa nazi, mwenye shamba anapika kwa nazi zake, jirani anakuja kuomba mbili. Sisi tunaandika zile zilizopanda gari.

Wachumi wanalijua hili, ndiyo maana nchi kama yetu hupima umaskini kwa matumizi zaidi kuliko kwa mapato, na chakula cha shambani hupewa bei yake. Angus Deaton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2015, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye maswali ya aina hii. Lakini matumizi nayo hutegemea unavyouliza. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walizichukua kaya kama 4,000 za Tanzania, wakazigawa makundi manane kwa bahati nasibu, kila kundi likaulizwa matumizi kwa namna yake: wengine waliandika daftari kila siku, wengine walikumbushwa siku saba, wengine siku kumi na nne, kwa orodha ndefu au fupi. Nchi ileile, mwaka uleule, na majibu yakatofautiana. Pale kila mtu mzima alipopewa daftari lake na kufuatiliwa kwa karibu, matumizi yalionekana makubwa zaidi. Mtu alikuwa tajiri au maskini kidogo kutokana na karatasi aliyopewa.

Halafu kuna mwezi. Namaanisha mwezi wa angani.

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haifai kitu mbalamwezi ikiwa imejaa. Siku za giza wanakesha, siku za mwezi mkubwa wanashona nyavu. Wakulima wa mwani wao huteremka shambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Kwa hiyo "siku saba zilizopita" ni kitu kimoja ukiulizwa kwenye giza na ni kitu kingine ukiulizwa kwenye mbalamwezi. Nilirudi kwenye kalenda. Wiki yetu ya kwanza vijijini iliangukia mwezi mpevu.

Na kubwa kuliko hilo: madodoso ya zamani yana tarehe za Januari. Sisi tulikwenda Julai.

Mpwani yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Januari ni kaskazi. Julai ni kusi, bahari imechafuka, vyombo vidogo vinalala ufukweni siku nyingi kuliko vinazotoka. Tulipima wavuvi kaskazi, tukarudi kuwapima kusi, tukashangaa kwamba wamefukarika.

Mzee mmoja alijaribu kuniambia. Tulipomaliza kumhoji alisema, "Mwanangu, mngekuja kaskazi mngetukuta watu." Nilicheka, nikamshukuru, nikampa binti ishara ya kwamba dodoso limekamilika. Sikuandika alichosema popote, maana hapakuwa na kisanduku.

## Shilingi

Hili nitalipita haraka. Kubadilisha shilingi za zamani kuwa za sasa kunataka bei za vitu, na bei zilizopo ni za kitaifa na za mijini zaidi. Mfano wa ukubwa wa jambo: mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kwa mtu mzima kwa mwezi, uliwekwa shilingi 36,482 mwaka 2011/12 na shilingi 49,320 mwaka 2017/18. Ni zaidi ya thuluthi moja ndani ya miaka sita. Ukikosea hapo kidogo, mstari wa mapato unapanda au unashuka wenyewe. Mimi nadhani hapo sikukosea sana. Lakini na kule kwingine nilidhani hivyo.

## Gawa kwa kichwa, basi

Rafiki yangu mhasibu, tuliyekuwa tunakunywa naye kahawa Ngamiani, alinisikiliza akamaliza kashata yake, akasema, "Tatizo lako dogo. Achana na kaya. Gawa kwa kichwa."

Ni kweli, ukigawa mapato kwa idadi ya watu, mafiga ya pili hayakubabaishi sana. Ndiyo njia ya kawaida, na wanaoifanya vizuri hawahesabu kila kichwa sawa: mtoto wa miaka miwili hahesabiwi kama baharia. Niliifanya. Mstari ukanyooka zaidi.

Ila haikunitoa kwenye ule ua. Ukigawa kwa kichwa bado lazima uamue vichwa vya nani unagawa na fungu la nani. Yule mke wa kijana anakula mchana kwa mkwewe siku zote za mwaka. Ule wali umetoka kwenye mapato ya nani? Na kijana akirudi na samaki huanzia mlango wa mama yake, ndipo aende kwake. Nikiwaandika wawili, ule wali ni msaada kutoka kaya moja kwenda nyingine na wale samaki ni msaada unaorudi, na dodoso letu halikuuliza kuhusu misaada ya ndani ya ua. Nikiwaandika mmoja, chungu cha usiku hakionekani.

Nilidhani angalau jibu linaweza kupatikana kwa kuongeza maneno kwenye mwongozo, kuibana tafsiri. Lori Beaman na Andrew Dillon walilijaribu hilo nchini Mali: wakazipa timu tafsiri tofauti za kaya, waone kinachobadilika. Mtu angetegemea kwamba masharti yakizidi, kaya zitapungua ukubwa, maana wengi watashindwa kuyatimiza. Ikawa kinyume. Kuongeza masharti kuliongeza ukubwa wa kaya na kubadilisha ni akina nani wamo. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Inaelekea kila neno unaloongeza linamkumbusha mtu mwingine wa kumtaja.

Nimejiuliza pia kama swali la yule mama lilikuwa swali kweli. Huenda alikuwa ananipa nafasi ya kuuliza vizuri zaidi. Watu wa vijiji vile wamehojiwa na wengi. Ukija na kishikwambi wanaanza kukupima wewe: huyu ni wa kodi au wa kuandikisha kaya kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini? Kwa wa kwanza mapato hupungua, kwa wa pili watu huongezeka. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Alinipa namba mbili, zote za kweli, akaniachia.

## Nilichofanya

Niliunganisha nyua. Kazi ile isingewezekana kama si yule binti mdadisi, ambaye bila kuagizwa na mtu alikuwa anaandika kwenye nafasi ya maelezo, kila alipofungua dodoso la pili: "ua mmoja na namba iliyotangulia, mchana wanakula pamoja". Wenzake watatu hawakuandika, ila kwa ramani na majina ya wakuu wa kaya tuliweza kukisia wengi wao.

Mapato kwa ua, zamani na sasa, yanakaribia kuwa sawa. Mapato kwa chungu hayawezi kulinganishwa kabisa, kwa kuwa zamani hakuna aliyehesabu vyungu. Na kuhusu kusi na kaskazi siwezi kurekebisha kitu kwa kukaa mezani, lazima mtu arudi Januari. Niliandika hivyo. Nikachora nukta mbili bila mstari katikati, na chini yake maelezo ya aya tatu.

Jibu lilikuja siku iliyofuata: wameshukuru kwa uchambuzi wa kina, wanaomba nukta ziunganishwe, na maelezo yawe sentensi moja.

Sijajibu. Fedha ya awamu ya pili haijalipwa, niseme ukweli, na hilo nalo limo kwenye usingizi wangu. Nimewaomba nauli ya Januari kwa watu watatu, wiki moja, kaskazi ikiwa imekolea. Wamesema watalipeleka kwenye kikao.

Juzi nikampigia binti kumwuliza kama atakuwa na nafasi. Yeye ni mwenyeji wa ng'ambo ileile, shangazi yake anaishi nyumba ya tatu kutoka pale. Akasema nafasi ipo. Tukazungumza habari za huko, kusi limeanza kulegea, dagaa wanaonekana. Halafu akakumbuka.

"Yule mama wa makuti, kaka, mkwewe kajifungua. Mtoto wa kike."

"Mashallah. Kaenda kwao?"

"Kwao Korogwe mbali. Yuko hapohapo kwa mama mkwe mpaka arobaini zitoke. Wote wamehamia nyumba kubwa, na mumewe. Lile jiko la pili haliwashwi."

Nikamwuliza wako wangapi usiku.

"Kumi," akasema. "Nibadilishe kwenye mfumo?"